Mwanamke anakula kile kisichouzwa: historia ya bei na sahani kwetu Kasongo na Kabambare



Kila tukienda kufanya mafunzo ya lishe, vijijini vya Kasongo ao vya Kabambare, kazi inaanza namna moja. Tunachora ubaoni makundi ya chakula: chenye kutia nguvu, chenye kujenga mwili, chenye kulinda mwili. Tunauliza ni chakula gani kinamfaa mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha. Bamama wanajibu bila kusita: maharagi, samaki, mayai, karanga, sombe, matunda. Kisha tunauliza walikula nini jana. Wengi wanajibu: bugali wa muhogo na sombe, mara moja, jioni.

Watu wengi, hata wenye kusoma sana, wanafikiri kwamba kati ya jibu la kwanza na jibu la pili kuna ujinga, ao uvivu, ao desturi mbaya. Mimi ninaona kuna bei. Mama anajua yai ni zuri, lakini yai ndilo linanunua chumvi. Anajua karanga zinajenga mwili, lakini karanga ndizo zinalipa daftari ya mtoto na kidonge cha malaria. Bei hiyo haikuanza jana. Ina historia ya miaka zaidi ya 150, na mtu anaweza kuifuata toka soko la zamani la Nyangwe hadi kwenye mfuko wa mchele wenye unafungwa leo kwenye baiskeli. Katika historia hiyo yote kuna jambo moja linarudi: chakula bora cha kwetu kinaondoka kwa sababu kina mnunuzi, na mwanamke aliyekilima anakula kile kisichouzwa.

Soko la Nyangwe

Nyangwe iko ukingoni mwa Lualaba, kaskazini-magharibi ya mji wa Kasongo. Machi 1871 David Livingstone, mmisionari na msafiri toka Scotland, alifika pale, akakaa hadi Julai akitafuta mtumbwi wa kuvuka mto. Aliandika mambo mengi juu ya soko, na jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba soko lilikuwa la wanawake. Lilifanyika kila siku ya nne. Wanawake walitoka mbali, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi, na vikapu kichwani ao mgongoni. Walileta samaki, konokono, muhogo, mafuta ya mawese, chumvi, pilipili na kuku. Wagenya, watu wa mto, walitoa samaki na vyungu. Watu wa bara walitoa vyakula vya shamba.

Tuangalie vizuri soko la namna hiyo. Mwanamke aliyekuja na samaki alirudi na mawese na muhogo. Aliyekuja na muhogo alirudi na samaki na chumvi. Hakuna aliyekuwa tajiri, lakini kile kilichotoka jikoni kwa mama kilirudi jikoni kwake kwa sura ingine. Soko lilikuwa njia ya kubadilisha chakula, na kwa hiyo lilikuwa njia ya kula vizuri.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya joto kali, watu karibu 1 500 walikuwa sokoni. Livingstone aliona wanaume watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wameingia na bunduki, jambo lenye halikuwa desturi. Mmoja wao aligombania bei ya kuku, akamshika. Muda mfupi baadaye bunduki zililia. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengi wakafa maji. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Sisemi kwamba kuku mmoja ndiye aliyeleta mauaji yale. Biashara ya watumwa na ya pembe za tembo ilikuwa imekwisha kuingia Maniema, na hofu ilikuwa njia ya kutawala. Lakini ni vema tukumbuke kwamba katika maandishi ya zamani yenye tunayo juu ya soko la kwetu, tayari kuna mwanamke mwenye kuuza na mnunuzi mwenye kushika bunduki. Toka pale, mara nyingi sana, bei ya chakula cha mama ilipangwa na mtu mwingine.

Mchele wa Waungwana

Watu wa pwani, wenye tunaita Waungwana, hawakuleta tu bunduki na dini. Walileta mchele, machungwa, mapera na matunda mengine, na lugha hii yenye ninaandika. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alijenga makao yake Kasongo kuanzia 1875, pale penye leo tunaita Tongoni. Mashamba ya mchele yalienea pande za Nyangwe na Kasongo. Hadi leo mtu wa Kasongo akipokea mgeni wa heshima hampikii bugali, anampikia mchele.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo, wakiongozwa na Mbelgiji Francis Dhanis, waliteka Kasongo. Daktari wao, Mwingereza Sidney Hinde, aliandika kwamba walikuta ghala zimejaa mchele, mahindi na kahawa, na bustani zenye machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Mtu akisoma maneno yale anaweza kufikiri kwamba watu wote wa Kasongo walikula vizuri kuliko sisi. Lakini ghala inasema tu kwamba chakula kilikuwako. Haisemi ni nani alikuwa na haki ya kukifungua. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, na wengi kati yao walikuwa wanawake waliochukuliwa vijijini. Mchele ulikuwa chakula cha bwana, cha msafara na cha askari. Hapa ndipo mimi ninaona mwanzo wa jambo lenye tunalo bado: mji wenye chakula kingi, na mikono iliyokilima ikila kingine.

Pamba na siku 60

Wabelgiji walikuja na namna yao. Mwaka 1917 sheria ya koloni iliweka kilimo cha lazima: kila mwaka watu wa vijiji walipaswa kutoa siku 60 kwa mimea yenye serikali ilichagua. Kwetu ilikuwa hasa pamba na mchele. Mwaka 1920 kampuni ya Cotonco ikaanzishwa ili kununua na kuchambua pamba ya Kongo. Bei haikutoka kwa mkulima, ilipangwa juu. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1942, siku 60 zikawa 120.

Wazee wetu wanakumbuka fimbo ya moniteri wa kilimo na kodi ya kichwa. Lakini kuna sehemu ya historia hii yenye haisemwi sana. Kwenye daftari ya serikali, mkulima alikuwa mwanaume. Yeye ndiye aliandikwa, yeye ndiye alipokea franga siku ya soko la pamba. Palizi na mavuno, kazi ya mikono na ya mgongo, sehemu kubwa ilikuwa ya mwanamke na watoto. Na pamba hailiwi. Kila siku yenye mama alitoa kwa pamba ilikuwa siku yenye alitoa kwenye shamba la maharagi, la karanga, la mtama.

Mwanamke alifanya nini? Alifanya hesabu yenye akili. Alizidisha muhogo. Muhogo haudai tarehe ya kuvuna. Unakaa udongoni hadi siku utakapouhitaji. Haudai palizi nyingi. Unakubali udongo uliochoka. Majani yake ni mboga. Kwa mtu aliyenyang'anywa muda wake, hakuna mmea bora kuliko huo. Lakini muhogo una nguvu tu, karibu hauna protini. Sombe ndiyo inasaidia, maana majani yake yana protini na vitamini, ikipikwa vizuri na kwa mawese. Kwa hiyo bugali na sombe, chakula chenye leo wageni wanaita desturi yetu, ni pia jibu la bamama kwa sheria ya 1917.

Mchele nao uliendelea kuondoka. Migodi ya bati ya Kalima, ya kampuni ya Symétain, ilikuwa na wafanyakazi wa kulishwa. Mfanyakazi wa mgodi alipata posho yenye ilipimwa, kwa sababu mwajiri alijua kwamba mwenye njaa hachimbi. Mwanamke wa kijiji hakuwa na mwajiri wa kumpimia.

Mizani ya miaka ya 1970

Baada ya uhuru tulipita vita ya Simba ya 1964, kisha Zaire ya Mobutu. Novemba 1973 Mobutu alitangaza biashara za wageni ziwe za Wazairwa, na maduka mengi ya bara yakafungwa ao yakabaki bila bidhaa. Reli ya Kindu hadi Kongolo, yenye ilijengwa tangu mwanzo wa koloni, haikupita Kasongo. Inapita ng'ambo ya mto, kwa Samba. Barabara zilipoharibika, kila kilo ya mchele yenye ilitoka Kasongo ilibeba pia gharama ya matope, na kila kilo ya chumvi yenye iliingia vilevile.

Katika miaka ile Kasongo ilijulikana duniani kwa jambo lingine. Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, kilifanya hapa mradi wa afya ya msingi, na wataalamu wa nchi nyingi bado wanausoma: vituo vya afya karibu na watu, hopitali ya kupokea wagonjwa wazito, chanjo ya surua kwa watoto. Watoto walipimwa uzito na urefu kwa miaka. Mwaka 1983 timu ya mradi ikaandika matokeo yenye yaliwasumbua wengi: vipimo vile peke yake havikuweza kuonyesha vizuri ni mtoto yupi atakufa na yupi ataishi. Somo lake kwetu ni la kawaida kabisa. Mizani inaeleza hali ya mwili siku ile; haiongezi kitu kwenye chungu. Na mizani ile ilikuwa ya mtoto. Sahani ya mama ilibaki nje ya hesabu.

Vita, chumvi na kambi

Tunaojua vita ya 1996 na ile ya 1998 hatuhitaji kukumbushwa. RCD ilishika miji, Mai-Mai walishika vijiji na msitu, na mwanamke alikuwa katikati, juu shamba lake lilikuwa kati ya mistari miwili. Kwenda kulima ilikuwa kujitoa kwa kubakwa, na wenye silaha wa kila upande walifanya hivyo. Katika hali hiyo muhogo ulishinda tena, kwa sababu ingine: mchele ukivunwa unaonekana na unaibwa, muhogo unajificha udongoni. Reli na barabara zikafungwa. Chumvi, yenye haitoki kwetu, ikawa kama dawa. Wengi wetu tulionja tena chumvi ya majivu ya majani. Miaka 130 ilikuwa imepita tangu wakati wa Livingstone.

Baadhi yetu walivuka ziwa Tanganyika na kukaa Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996. Pale, mara ya kwanza katika maisha ya wengi, mwanamke alikuwa na chakula kilichopimwa kwa gramu: unga wa mahindi, dengu, mafuta, chumvi, uji wenye vitamini. Kipimo kamili kinalenga kalori 2 100 kwa mtu kwa siku. Lakini hata kambini bei ilimfuata. Unga na mafuta viliuzwa kidogo ili kununua ndagala, nyanya, sabuni. Na franga za wafadhili zikipungua, kipimo kinapungua: mwaka 2017 kilishushwa hadi asilimia 62, na katikati ya 2023 kikashuka hadi nusu. Waliobaki kule wanajua maana ya nusu. Nasi tuliorudi tunajua kwamba sahani yenye kutegemea mkono wa mbali inaweza kukatwa kwa barua moja.

Somo toka Kwango

Kabla ya kufika kwa hali ya leo, naomba tutoke kidogo Maniema, twende magharibi ya nchi yetu, kwa sababu kule bei ya chakula iliacha alama yenye watu waliweza kuona kwa macho. Kuna ugonjwa unaitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 toka pande za Kwango. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekauka, na hairudi tena. Unashika zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Unatoka kwa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, kwa mtu ambaye hali samaki, nyama wala maharagi ya kumpa mwili nguvu ya kuondoa sumu ile.

Bamama wa kule walijua kuloweka. Walijua toka kwa bibi zao. Watafiti waliochunguza Bandundu katika miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 waliona kitu kingine: barabara ya kwenda Kinshasa ilikuwa imetengenezwa, wanunuzi wa muhogo wakawa wengi, na ili kupata mfuko wa kuuza haraka, siku tatu za kuloweka zikapunguzwa. Barabara ni kitu kizuri, na sisi tunailia kila siku. Lakini ikija na mnunuzi mwenye haraka kwa mama asiye na akiba, inaweza kupita jikoni kwake na kuacha ugonjwa. Kwa hiyo mwanachama anayeloweka muhogo mchungu, asipunguze siku, hata lori likimngoja.

Leo: karanga na ndagala

Mwaka 2016 shirika la FAO lilitoa kipimo cha kujua kama wanawake wenye miaka 15 hadi 49 wanakula vyakula mbalimbali. Kuna makundi 10: nafaka na mizizi, jamii ya maharagi, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, majani ya kijani, matunda na mboga zenye vitamini A, mboga zingine, matunda mengine. Mwanamke aliyekula angalau makundi 5 kati ya hayo kwa mchana na usiku mmoja anahesabiwa kuwa amefika. Kiasi kiwe zaidi ya kuonja: gramu 15 hivi kwa kila kundi.

Tupime sahani ya kwetu. Bugali wa muhogo: moja. Sombe: mbili. Nyanya, kitunguu ao bilinganya ndani ya sombe: tatu. Mawese hayahesabiwi ndani ya yale 10, ingawa rangi yake nyekundu inaupa mwili vitamini A, na hakuna sababu ya kuyaacha. Tumefika tatu. Tia karanga zilizotwangwa ndani ya sombe: nne. Tia konzi ya ndagala ao kipande cha samaki wa Lualaba: tano. Kwa hiyo mama wa Kabambare hayuko mbali na afya kama tunavyofikiri. Hahitaji chakula kigeni, hahitaji unga wenye picha ya mtoto wa Kizungu. Kati yake na kipimo kuna karanga na ndagala, na wakati wa maembe anaweza hata kuzidi.

Lakini vitu hivyo viwili ndivyo vyenye bei. Karanga analima mwenyewe na kuziuza. Ndagala zinatoka mbali, toka ziwa, na kila kizuizi cha njiani kinaongeza franga juu yake. Dunia nzima iko hivyo: ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya chakula ya mwaka 2020 ilihesabu kwamba kula kiafya kunagharimu karibu mara tano ya kushiba kwa wanga peke yake, na kwamba watu zaidi ya bilioni 3 hawana uwezo huo. Nchini kwetu, uchunguzi wa afya wa 2013–2014 ulikuta wanawake 38 kwa 100 wana upungufu wa damu, na watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao. Damu inapunguzwa pia na malaria na minyoo, si chakula tu. Ndiyo maana kidonge cha chuma na chandarua kwa mwenye mimba vinabaki vya lazima. Lakini mwili usiokula nyama, samaki wala maharagi unarudisha damu polepole.

Kisha kuna dhahabu. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulianza uzalishaji wa biashara mwaka 2016, na 2019 kampuni ya Banro ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Wachimbaji wa mikono hawakusimama. Penye dhahabu, chakula kinapanda bei, na tungefikiri mkulima anafaidi. Anayefaidi ni mwenye kuweza kungoja. Mama aliyerudi toka ukimbizini hana akiba. Mara nyingi anauza shamba likingali majani, ao anauza mavuno yote juma la kwanza, wakati bei iko chini. Baada ya miezi michache ananunua kwa kopo mchele uleule wenye aliuza kwa mfuko. Anakuwa ameuza rahisi na kununua ghali kitu kimoja, katika mwaka mmoja.

Na tuseme ukweli wote, hata wenye unatuhusu sisi wanaume wa chama. Mara nyingi franga za mchele zinashikwa na baba. Franga za mboga ni za mama. Chumvi, mafuta, ndagala, ni juu ya mama. Na nyama ikipatikana, baba anaanza, watoto wanafuata, mama anafuta chungu. Bei ya sokoni ni nusu ya habari. Nusu ingine iko mkekani.

Chama kifanye nini

Kama shida ni bei, hatuwezi kuimaliza kwa kuchora makundi ubaoni mara ingine. Kwa mkutano mkuu ninaleta mapendekezo manne, na ninaomba yajadiliwe bila haya.

La kwanza, depo ya mavuno. Mwanachama alete mchele ao karanga zake wakati wa mavuno, chama kimkopeshe sehemu ya thamani yake, mazao yakae hadi bei ipande. Ndipo auze, alipe mkopo, faida iwe yake. Franga za likelemba yetu zinaweza kuanza kwa depo moja ndogo. Wafadhili wanaweza kusaidia kwa mbao, mabati na mizani ya kweli.

La pili, sehemu ya chungu. Kabla ya mfuko wa karanga kufungwa, kila nyumba itoe kipimo kinachokubaliwa na baba na mama, na kipimo kile kisiuzwe. Konzi moja ya karanga kwa siku kwa mama mwenye mimba si kitu kikubwa mfukoni, ni kikubwa mwilini.

La tatu, kununua pamoja. Chumvi na ndagala kwa kopo ni ghali kuliko kwa mfuko. Vikundi vya bamama vinunue mfuko mzima Kasongo na kugawana kijijini. Chumvi iwe ya iodini, ili tusirudishe rovu.

La ine ni kwa wafadhili. Mkihesabu kazi yetu, msihesabu tu ni wanawake wangapi walifundishwa. Ulizeni pia walikula makundi mangapi katika mwezi wa njaa, si katika mwezi wa mavuno. Na daraja la miti lililovunjika kati ya kijiji na soko, mlihesabu kama jambo la lishe, maana kila siku lenye limevunjika, ndagala zinapanda na karanga zinashuka.

Sisi tuliorudi tulikuta mashamba yamekuwa msitu, na tumeanza upya. Mchele wa Kasongo utaendelea kuuzwa, na ni vema uuzwe. Hakuna mtu anataka kurudi kwenye maisha bila soko. Tunachoomba ni kwamba mwaka huu, mifuko ikitoka, mwanamke aliyevuna awe amechagua siku ya kuuza na bei ya kuuzia, na kitu cha kujenga mwili wake kiwe kimebaki nyumbani. Wenye mawazo mengine juu ya depo wayaandike na kuyaleta kwa kamati kabla ya mkutano, ili hesabu ya mabati na mbao ifanywe mapema, mchele ukiwa bado shambani.